Hesabu za Profesa Lipumba

Mtaje Profesa Ibrahim Lipumba kwenye kijiwe chochote cha kahawa Dar es Salaam, utapewa hukumu nne papo hapo. Tatu ni za wanaomkejeli, moja ya wanaomtetea. Zote zina kasoro, na hiyo ya watetezi ndiyo inayonikera zaidi.

"Ni mtu wa vitabu tu." Kweli, ana shahada ya uzamivu ya Stanford na amefundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini katika miaka ya 1980, serikali ilipokuwa ikivutana na IMF kuhusu thamani ya shilingi, yeye na Benno Ndulu, aliyekuja kuwa Gavana wa Benki Kuu, walikuwa miongoni mwa wachumi wa chuo hicho waliodai sera zibadilishwe. Mwaka 1986 zikabadilika: dola ya benki ikapanda kutoka takriban shilingi 17 hadi 40. Kati ya 1991 na 1993 Lipumba akawa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi. Mageuzi yale yaliumiza wengi, na ukitaka kumlaumu mlaumu kwa hilo. Kwenye karatasi hayakubaki.

"CUF ni ya Wazanzibari, yeye walimweka pambo la Bara." Hapa tupige hesabu. Mwaka 2000 mtoto huyu wa Ilolangulu, Tabora, alipata kura 1,329,077 za urais wa Muungano kwa tiketi ya chama hicho, akashika nafasi ya pili nyuma ya Mkapa wa CCM. Zanzibar nzima mwaka ule haikufikisha wapiga kura nusu milioni walioandikishwa. Hata umpe kila kura ya Unguja na Pemba, na za wana-CCM wa huko humohumo, bado zaidi ya laki nane zimetoka Bara. Mwaka 2005 akawa wa pili tena. Hiyo ni kura ya pambo?

Dai hilo lina chembe ya ukweli, ila wanaolitoa hawaioni. Mwaka 2005 CUF ilishinda majimbo 19, yote Visiwani. Watu wa Bara walimpigia profesa kura ya urais, kisha wakageuka na kumpa mbunge wa chama kingine. Tangu 1999 mwenyekiti wa CUF alikuwa yeye, kwa hiyo la kumuuliza ni matawi ya Bara aliyajengaje. Mwaka 2010 Slaa wa Chadema alimsukuma hadi nafasi ya tatu, na ajabu haikuwepo.

"Pandikizi la CCM." Pandikizi gani huyo aliyesimama Dodoma Aprili 2014 na kuwatoa wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, kwenye Bunge Maalum la Katiba? Januari 2015 polisi walimkamata Mbagala. Agosti mwaka huohuo akajiuzulu uenyekiti kwa kumkataa Lowassa kuwa mgombea urais wa UKAWA, kwa kuwa alikuwa ametoka CCM juzi tu. Slaa naye aliikimbia Chadema kwa sababu hiyohiyo, na wengi walimwita mtu wa msimamo.

Sasa watetezi: "Alirudi kukiokoa chama." Mwaka 2016 aliandika barua ya kutengua kujiuzulu kwake, na Msajili wa Vyama akamtambua. Chama kikapasuka, huku Lipumba, kule Katibu Mkuu Maalim Seif. Machi 2019 Mahakama Kuu ikampa Lipumba ushindi, na siku hiyohiyo Seif akahamia chama cha ACT-Wazalendo na watu wake. Ofisi za CUF Zanzibar zikapakwa rangi ya zambarau ya chama hicho, bendera za CUF zikashushwa.

Mwaka 2020 Lipumba aligombea urais tena, akapata kura 72,885. Uchaguzi ule ulilalamikiwa sana, kwa hiyo tarakimu hiyo siitegemei peke yake. Tazama Zanzibar: umakamu wa kwanza wa rais, ambao Seif aliushika mwaka 2010 kwa tiketi ya CUF, Desemba 2020 aliuchukua kwa tiketi ya ACT-Wazalendo.