Dawa Imfuate Mgonjwa

Mkoa wa Mara hauna haja ya kungoja jengo la hospisi ndipo uwatunze watu wasiotarajiwa kupona. Wengi wao wako nyumbani tayari, Makoko, Nyamuswa au Kiabakari, wakiuguzwa na mke, binti au shemeji. Tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na kumsitiri mgonjwa, ni kazi ya nyumbani kabla ya kuwa ya wodini. Kwa hiyo anayetaka kupunguza madhara ya tiba hiyo kwa mazingira asianze na majengo. Aanze na morfini, dawa ya maumivu makali.

Chukua mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote. Mionzi ataifuata Hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na hapo hatuna ubishi. Lakini tiba hiyo ikishafika mwisho wake na yamebaki maumivu tu, kumpakia tena kwenye gari la kukodi kwa ajili ya chupa ya dawa ni ukatili, na ni kuchoma mafuta bure. Ng'ombe ameuzwa, ndugu wawili wameacha shamba kwenda kumshikilia njiani. Dawa yenyewe ni unga uliochanganywa na maji, wa kunywa kwa mdomo.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa waliliona hili mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Dk. Anne Merriman, ilijengwa juu ya morfini ya maji na wauguzi wanaokwenda majumbani. Kanuni za 2004 zikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Pikipiki moja inazunguka vijiji, badala ya kila kaya kukodi gari lake.

Kisha kuna taka. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida tu. Zikitupwa pipa moja na sindano, zote zinahesabika kuwa hatari na zote zinaishia motoni. Plastiki ikichomwa shimoni kwa moto hafifu hutoa sumu ya dioksini, na upepo hauulizi wodi iko upande gani.

Kijijini hata shimo hilo la hospitali halipo. Pampasi za mtu mzima, glavu na mifuko ya mkojo hutupwa korongoni, na mvua ya masika inazisukuma kuelekea Ziwa Viktoria. Wauguzi wazoefu wana njia yao ya siku nyingi: khanga chakavu zinakatwa vipande, zinalowekwa kwenye maji ya klorini, zinafuliwa, zinaanikwa juani na kupigwa pasi. Kidonda kinachonuka hunyunyiziwa metronidazoli iliyopondwa, na mgonjwa anaweza kukaa tena na wageni. Ni njia nzuri, ila kufua kunataka maji na mikono, na mikono hiyo ni ya wanawake karibu kila mara. Glavu nazo zisiguswe. Asitokee mtu akamwambia anayemsafisha mgonjwa abane matumizi kwa jina la mazingira.

Maji ya kufulia na kuogeshea huchemshwa kwa kuni, pengine hatua chache kutoka kitanda cha mtu anayehema kwa shida. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mgonjwa wa tiba shufaa hana miaka hiyo ya kungoja. Kaya yake itangulizwe kwenye mitungi ya gesi ya ruzuku.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama wahakikishe bajeti ina pikipiki na mafuta ya muuguzi wa majumbani, glavu za kutosha, mapipa ya kutenganisha taka na kichomea taka kinachofanya kazi. Morfini ipatikane kwenye vituo vya afya, isiwe ya kufuatwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa peke yake. Na mafungu hayo yaandikwe kwa majina yake, yasifichwe kwenye "matumizi mengineyo", ambako semina na posho hutangulia.