MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mtihani wa Lumbesa

Mwezi huu tumekusudia kuzungumza nanyi habari ya mitihani, maana ni neno liingialo kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, nalo likiisha kuingia hata uji haunyweki. Lakini tutaanza na kicheko, kisha tutasema lile lililotuleta.

Kila apitaye soko la Himo ajua lumbesa ni nini. Gunia la vitunguu au la viazi hujazwa mpaka mdomo, nalo limekwisha kuwa gunia. Kisha huongezwa debe, na juu ya debe huongezwa tena, likafungwa kwa kamba hata likawa kama mtu aliyebeba mtoto mabegani. Mnunuzi hulitazama pasipo haya akasema, "Gunia moja," akalipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza jambo hili, walakini lumbesa haijafa. Nasi twaona kwamba iko mitihani ya namna iyo hiyo. Juu ya karatasi imeandikwa kuwa ni mtihani wa darasa fulani, wa saa mbili. Ukiufungua wakuta mna kazi ya madarasa mawili na ya saa nne, na mtoto atakiwa aubebe kwa bei ya gunia moja.

Wala jambo hili si geni. Tangu shule za misheni zilipofunguliwa mlimani kwetu, Kilema na Machame, katika miaka ya 1890, watoto wa Kilimanjaro wameulizwa maswali mengi ambayo hayana nyumba hapa. Katika siku za Waingereza, wale wachache waliofika juu walifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalivuka bahari kuja, na majibu yakavuka bahari kwenda kusahihishwa. Mtoto akangoja miezi ili ajue kama mtu asiyemwona kamwe ameridhika naye. Mwaka 1971 Tanzania ilitoka katika baraza la mitihani la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Maswali yakaja kukaa nyumbani. Lakini lumbesa nayo, kwa kuwa yajua njia, ikafuata nyuma.

Liko swali moja la hesabu ambalo kila aliyesoma amekutana nalo: gari la moshi moja laondoka huku, jingine laondoka kule, na mwanafunzi aseme yatakutana saa ngapi. Jioni moja tulikuwa wageni katika nyumba ya rafiki yetu, karibu na Njia Panda ya Himo, na kijana wa nyumba alikuwa akilisoma swali hilo kwa sauti. Bibi yake, ambaye hakupata kuketi darasani hata siku moja, alikuwa akimenya ndizi. Akauliza, "Yaja katika reli moja, mjukuu wangu?" Kijana akajibu, "Ndiyo, bibi." Basi yule mama mzee akaiacha ndizi, maana aijua reli yetu itokayo Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ya kuwa njia yake ni moja tu. Akasema, "Mbona waketi ukihesabu? Kimbia ukawaambie wayasimamishe!"

Tulicheka sana. Kisha tukaafikiana kwamba watoto wamefanya mitihani ya kutosha, na sasa ni zamu ya wazee. Watoto wakachukua daftari wakatunga, nasi tukawasaidia mahali pachache, na mtihani wenyewe ulikuwa huu:

MTIHANI WA WAZAZI. Jibu maswali yote. Muda: mpaka chai ipoe. Hairuhusiwi kumwuliza mama.

1. Hesabu. Mama ana debe tatu za mahindi. Mjomba amekuja kukaa siku mbili. Debe hizo zitakwisha mwezi gani? Onyesha njia.

2. Jiografia. Chora ramani ya mifereji yote ishukayo kutoka mlimani hata mashamba ya chini, ukionyesha ni nani aliyeyachepusha maji usiku bila zamu yake. Usivunje ujirani.

3. Historia. Sale la mpakani ni mmea, wala halina miguu. Eleza jinsi lilivyotembea hatua tatu na kuingia katika kihamba cha jirani tangu siku za Wadachi. Mashahidi wote wamekwisha kufa. Taja majina yao na maneno waliyosema.

4. Sayansi. Pikipiki moja imepakia watu wanne, gunia la mkaa na mbuzi mmoja, nayo yapanda kutoka Himo kwenda Marangu. Taja kanuni za maumbile zilizovunjwa. Muda ukibaki, taja na za barabarani.

5. Kiswahili. Mwandikie shangazi barua ya kumwomba ada ya shule, pasipo kutaja fedha wala shule. Shangazi aelewe. Mume wake asielewe.

Baba wa nyumba, mtu mwenye heshima zake, akavaa miwani akaanza kuandika. Chai ilipopoa, kijana mdogo akachukua kalamu nyekundu akasahihisha. Swali la kwanza: kosa, kwa sababu hakuonyesha njia. La pili: kosa, kwa sababu alivunja ujirani mara mbili. La tatu aliliacha wazi. La nne alitaja kanuni za barabarani kwanza, kinyume cha agizo. La tano lilikuwa zuri, lakini ilionekana kwamba hata shangazi asingeelewa. Jumla: sifuri.

Baba akakasirika nusu na kucheka nusu. Akasema, "Mtihani huu si wa haki! Mambo haya sikufundishwa, na muda hautoshi, na maswali yenyewe hayaeleweki!"

Watoto wakapiga makofi kwa furaha. Lakini binti mkubwa wa nyumba hakupiga. Akasema kwa upole, "Baba, ndivyo nilivyosema mimi mwaka jana, ukaniambia mimi ni mvivu."

Hapo kicheko kikakatika, na kila mtu akaitazama chai yake.

Binti huyo alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne, akapata sifuri katika biolojia. Tangu siku ile habari hiyo haikutajwa tena katika nyumba, kana kwamba ni msiba usiozikwa. Tukamwomba atusimulie. Akasema kwamba katika shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na mpaka leo aweza kueleza. Akaeleza pale pale, vizuri, hata bibi akaelewa, akasema, "Kumbe ndiyo sababu mgomba ulio kivulini hukonda." Lakini katika sekondari masomo hufundishwa kwa Kiingereza na mitihani huandikwa kwa Kiingereza, nao walikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi kwa vidato vyote. Siku ya mtihani alikutana na jani lile lile limevaa nguo asiyoijua. Akasema, "Jibu nilikuwa nalo, baba. Swali ndilo sikulitambua."

Wasomaji wetu, twataka mlikumbuke neno hilo. Kwa kuwa sisi tulio wazee tukimwona mtoto ameanguka twadhani mara moja kwamba kichwani hamna kitu, kama mnunuzi apigaye gunia kofi na kusema ni tupu, naye hakulifungua.

Tena tusisahau ya mwaka 2013. Mwezi wa Februari yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, na katika kila watahiniwa kumi, kama sita walipata daraja sifuri. Jumla yao ilipita 240,000. Nchi nzima iliinama. Nyumba nyingi zililia, na watoto wengi waliitwa majina ambayo mtu hamwiti hata mbwa wake. Serikali ikaunda tume, na mwezi wa Mei ikayafuta matokeo yale ikaamuru yapangwe upya, kwa kuwa utaratibu mpya ulikuwa umetumika katika kupanga madaraja. Yalipotangazwa mara ya pili, maelfu ya wale walioanguka walikuwa wamesimama. Watoto walikuwa wale wale, karatasi zile zile, na hapana aliyeongeza hata nukta. Kilichobadilika ni mizani. Lakini yale majina waliyoitwa mwezi wa Februari, ni nani aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuyafuta mwezi wa Mei?

Hatusemi mitihani iondolewe. Soko lisilo na mizani ni soko la wezi, na shule isiyopima haijui imefundisha nini. Wala hatusemi kwamba kila aangukaye ameonewa. Hata baada ya matokeo yale kupangwa upya wengi walibaki chini, kwa sababu uko upungufu ambao mizani haiwezi kuuponya: vitabu vichache, walimu wachache, lugha isiyoshikwa vizuri, na pengine mtoto mwenyewe aliyecheza mwaka mzima. Twasema hili tu, ya kwamba mizani hupima mzigo uliowekwa juu yake siku ile. Haimpimi mkulima, wala haijui mvua ilinyesha au haikunyesha.

Kwa hiyo twawasihi walimu: mnapotunga mtihani wa shuleni, ufanyeni kwanza ninyi wenyewe, na saa mezani. Ikiwa mwalimu mwenyewe amemaliza na kengele yalia, basi hiyo ni lumbesa. Punguzeni debe moja. Wafundisheni watoto kulisoma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu, na kulieleza kwa maneno yao wenyewe, hata kwa lugha ya nyumbani, maana aliyelielewa swali amekwisha kupata nusu ya jibu.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo na karatasi, msianze kwa kuuliza amekuwa wa ngapi. Mwulizeni swali lipi lilimshinda, naye awaeleze. Ikiwa hamjui kusoma, mwulizeni vivyo hivyo. Yule bibi hakujua kusoma, lakini kwa swali lake moja tulitambua kwamba binti ajua.

Labda mwauliza mambo yaliishaje katika nyumba ile. Baba alinyamaza kitambo, kisha akamwambia bintiye, "Mwanangu, nilikosa. Nilikuita mvivu, nami sikukuuliza." Hakusema zaidi, na kwa baba wa kwetu hayo ni mengi. Siku chache baadaye binti akajiandikisha kurudia somo lile mwezi wa Novemba, kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jioni hujifunza na jirani mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye humfundisha kila neno kwa lugha mbili.

Tulipopita tena nyumbani kwao, tuliona ukutani, karibu na kalenda, karatasi moja imebandikwa kwa uji wa unga. Ni ule mtihani wa wazazi, na juu yake sifuri kubwa nyekundu. Mwenye nyumba akatuambia kwamba wageni wengi huuliza ni ya mtoto yupi, naye huwajibu, "Ni yangu."