Balbu haina kosa, angalia waya hasi

Mtanisamehe kwa kimya cha wiki tatu. Kazi za watu zilinibana, halafu gari nalo likadai zamu yake. Kwa hiyo leo hakuna habari za programu. Leo ni taa za nyuma, na nina ugomvi kidogo na mafundi wetu. (Na sisi wenye magari pia, subirini.)

Jioni moja nilikuwa natoka Homa Bay nikirudi Migori. Rodi Kopany nilipita bado kuna mwanga, nikafika Rongo giza limeshaingia. Niliposimama kununua ndizi, kijana wa bodaboda akanifuata mbio: "Mzee, taa yako ya kulia ukikanyaga breki inazimika badala ya kuwaka!" Nikamwomba asimame nyuma aniangalie. Kweli kabisa. Nikikanyaga, taa inafifia hadi inapotea, na indiketa ya upande huohuo inatoa mwanga hafifu kama mshumaa.

Mbele yangu ilikuwa safari ya Rongo hadi Migori kupitia Awendo, nchi ya miwa. Anayeijua barabara ile usiku anajua maana ya kukutana na trela la miwa lisilo na taa hata moja nyuma. Unaona giza, halafu unaona miwa. Mimi huwalaumu sana wenye matrekta hayo, na siku hiyo nilikuwa mmoja wao.

Kilichoniudhi ni kwamba taa hiyohiyo ilikuwa imeshatengenezwa mara mbili mwezi uliotangulia. Mara zote mbili fundi alibadilisha balbu. Mara ya pili nilimwambia tatizo si balbu. Akatoa mita, akagusisha ncha moja kwenye holda na nyingine kwenye bodi ya gari, ikasoma volti 12. "Omera, stima iko. Gari ni zee tu, tununue taa nzima." Gari ni la 1998, kwa hiyo kuhusu uzee sikuwa na la kumjibu.

Lakini kipimo kile ni cha uongo. Hakudanganya, kipimo ndicho kilichomdanganya. Alipima waya chanya peke yake, tena bila mzigo. Wenzangu wa seva mnalijua hili: programu inakwenda vizuri ukiijaribu peke yako kwenye meza, siku watu wakiingia kwa pamoja inaanguka. Mguso wenye kutu unaweza kuonyesha volti 12 kamili wakati hakuna umeme unaopita, kwa sababu mita hunywa umeme kidogo mno. Balbu ya breki ya wati 21 inataka karibu ampea 1.75. Tuseme kutu imeleta ukinzani wa omu 2 tu. Balbu itabaki na volti kama 9, na mwanga wake utashuka chini ya nusu. Wewe kwenye usukani huoni kitu. Anayeona ni wa nyuma yako, akiona mapema.

Sasa ule muujiza wa taa kuzimika. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani: wa wati 5 kwa taa ya kawaida na wa wati 21 kwa breki. Zote mbili hurudisha umeme kwa waya hasi mmoja uliofungwa kwenye bodi. Waya huo ukikatika kwa kutu, umeme wa taa ndogo haukubali kufa. Unapanda uzi wa breki kinyumenyume, unavuka hadi balbu ya kushoto, na huko unapata bodi. Kwa hiyo taa inawaka na wewe unaridhika. Ukikanyaga breki, njia hiyo ya wizi inajaa volti 12 kutoka upande wa pili. Hakuna pa kupita, taa inalala, na kinachobaki kinajipenyeza kupitia indiketa. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, usinunue balbu. Ni waya hasi.

Kesho yake nilipima mwenyewe. Taa zimewashwa, mtoto wa dada yangu amekanyaga breki, ncha moja ya mita kwenye ganda la balbu, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Hapo panatakiwa sufuri au karibu na sufuri. Ikasoma volti 8 na kidogo! Nikafuata waya hadi kwenye bolti moja ndani ya buti, nyuma ya kapeti. Bolti nyekundu kwa kutu, na kichwa cha waya kimeota ukungu wa kijani. Mpira wa taa ulikuwa umepasuka, na kila mvua na kila kuoshwa kwa pampu kulikuwa kunatia maji humo.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Nilifungua waya hasi wa betri kwanza. Msasa laini kwenye bolti na bodi mpaka chuma king'ae, kichwa kipya cha waya, kaza, halafu grisi juu kuzuia maji. Kwenye holda nilitumia kifutio cha penseli na msasa kidogo. Msiingize sufu ya chuma humo, vipande vyake vinaweza kuunganisha visivyotakiwa kuungana. Angalieni pia vitako vya balbu: ni risasi laini, vikibonyea havigusi vizuri hata holda ikiwa safi. Mwisho, mpira mpya, la sivyo mtarudi palepale. Nilipopima tena, ilisoma 0.1.

Wapo wanaokata holda na kuviringisha waya moja kwa moja kwenye balbu. Hilo nalipinga kabisa, maana siku balbu ikiungua utaanza upya gizani. Kuongeza waya hasi mpya hadi kwenye bodi sina neno, mradi bolti isuguliwe.

Ugomvi wangu sasa. Fundi yule si mjinga, injini anaijua kuliko ninavyojua kompyuta. Ila sisi hatumlipi kufikiri. Akisema balbu ni shilingi kadhaa tunatoa, akisema "nipe mia tano nitafute tatizo" tunamwona mwizi. Basi anauza balbu. Nilipompelekea ile bolti ya zamani aliigeuza mkononi, akacheka, akauliza mita nimeiweka wapi na wapi. Nikamwonyesha kwenye probox iliyokuwa imeegeshwa pale ikingoja balbu. Ilisoma volti 3.