GARI NA NYUMBA: Injini Hufa kwa Kiu Kabla ya Uzee



Juma lililopita tulimaliza mazungumzo yetu juu ya matairi. Leo tunafungua boneti. Tutaieleza injini ya petroli yenye silinda 4, kwani ndiyo iliyomo katika teksi nyingi za mji wetu wa Bujumbura na katika magari mengi ya nyumbani. Kwa kuwa hatuwezi kuzieleza injini zote kwa pamoja, tumechagua moja iliyoenea sana, nayo ni ile ya Toyota Corolla iitwayo 4A-FE, pamoja na mdogo wake 5A-FE. Mwenye gari la aina nyingine asiufunge ukurasa, maana vipimo hutofautiana lakini maradhi ni yale yale.

Pengine bibi wa nyumba atauliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Teksi ni shamba la jamaa. Humo hutoka karo ya watoto, kodi ya nyumba na unga wa chakula. Siku injini inapokufa, mara nyingi huuzwa kiwanja au ng'ombe ili inunuliwe nyingine. Aghalabu injini hiyo haikufa kwa uzee. Imekufa kwa kukosa maji, na maji hayo yalipungua siku nyingi bila mtu kuyatazama.

UMBO NA VIPIMO VYAKE

Injini ya 4A-FE ina silinda 4 zilizopangwa katika mstari mmoja. Kila silinda ina upana wa milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77 kutoka chini hadi juu. Mwenye kukumbuka hesabu za shuleni ataona kwamba silinda moja hubeba karibu sentimita 397 za ujazo, na zote 4 kwa pamoja hufanya 1587. Ile ya 5A-FE ina upana wa milimita 78.7 na safari ile ile ya pistoni, hivyo jumla yake ni 1498.

Kila silinda ina valvu 4, mbili za kuingizia hewa na petroli na mbili za kutolea moshi. Jumla ni valvu 16. Kamshafti zake mbili ziko juu, na huzungushwa na mkanda wa meno ambao watu huuita taimingi belti. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Katika 4A-FE ukikatika gari husimama papo hapo, lakini pistoni hazizigongi valvu, na hiyo ni rehema ambayo injini nyingine nyingi hazina. Moto huwaka kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2, na silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda.

Kuna jambo moja la umbo ambalo twaomba msomaji alishike, kwa kuwa ndilo mzizi wa mengi yatakayofuata. Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, lakini silinda hedi iliyolazwa juu yake ni ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kati ya madini haya mawili yasiyolingana imewekwa gasketi nyembamba, nayo hutakiwa kuzuia moto, oili na maji visichanganyike. Maadamu joto liko katika kiasi chake, gasketi huvumilia miaka mingi. Joto likizidi, hedi hujipinda. Kiasi cha kupinda kinachoruhusiwa kwa hedi hii ni sehemu 5 tu katika 100 za milimita moja, upungufu ambao jicho haliwezi kuuona.

KWA NINI GARI HUCHEMSHA BUGARAMA

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama hupanda kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika, ulio katika mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2000. Madereva husema mlima ule una uchawi wa kuchemsha magari. Hakuna uchawi. Kadiri tunavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi. Kule juu maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, badala ya 100 kama pwani.

Sasa tuitazame rejeta. Kifuniko chake si kizibo cha kawaida. Ndani kina springi inayoyabana maji kwa nguvu ya karibu kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, na maji yaliyobanwa hivyo, hata kule Bugarama, hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Themostati nayo huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na feni ya umeme huanza kazi kwenye nyuzi 93. Msomaji aziangalie namba hizi tena. Kifuniko kikilegea, maji ya mlimani yatachemka kwenye nyuzi zile zile ambazo feni ndiyo kwanza inaamka! Hivyo jamaa hupoteza injini nzima kwa ajili ya kifuniko kinachotoshea kiganjani, ambacho mpira wake ulipasuka bila mtu kuugusa.

Mafundi wengi, wanapoletewa gari linalochemsha, huing'oa themostati na kuitupa, wakisema kuwa nchi zetu ni za joto hivyo haihitajiki. Ushauri huo haufai. Bila themostati injini hukawia kupata joto lake, hula petroli kwa wingi, na oili huchafuka upesi. Aidha, ugonjwa wenyewe haukutibiwa, bali umefichwa tu, nao utarudi siku ya mzigo mzito. Themostati ikishukiwa, ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni na maji yapashwe moto. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima, irudishwe mahali pake.

Kuhusu maji yenyewe, tusijaze rejeta kwa maji ya ziwani wala ya mtaroni. Maji ya ziwa letu yana chumvi nyingi zilizoyeyuka, nazo huganda ndani ya mirija ya rejeta kama ukoko wa birika la chai. Dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi huzuia kutu na pia huinua kiwango cha kuchemka.

MKANDA MMOJA, KAZI MBILI

Katika injini hizi, mkanda unaozungusha alteneta ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Basi taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla njiani, dereva asiseme, "Ni betri tu, nitafika." Huenda mkanda umekatika, na maji yamesimama. Asogeze gari pembeni mara moja na kutazama.

Ikiwa mshale wa joto umepanda, kwanza zima kiyoyozi na uondoe mzigo wa mguu kwenye petroli. Mshale usiposhuka, simama mahali salama na uzime injini. Ngoja nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwa sababu maji hayo yatakurukia usoni. Likishapoa, ongeza maji polepole injini ikiwa inaunguruma taratibu. Yule anayemimina debe la maji baridi juu ya injini yenye moto anaupasua ule ule mshikamano wa alumini na chuma tulioueleza.

OILI, MOSHI NA KUMISI

Injini hii hubeba takriban lita 3 tu za oili. Kwa hiyo ikipungua lita 1, theluthi ya hazina imekwenda. Kijiti cha kupimia kitolewe kila juma, asubuhi, gari likiwa limesimama mahali sawa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na gari lisiwashwe mpaka fundi aione.

Moshi nao una lugha yake. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi tu, kisha ukakoma, huonyesha kwamba sili za valvu zimechoka. Ukitoka kila unapokanyaga petroli, ringi za pistoni zimeganda au zimelika. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi si kitu, lakini mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi.

Gari likimisi, tusikimbilie kununua vifaa. Plagi za injini hii zimekaa katika visima virefu katikati ya hedi. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikizeeka, oili hudondokea ndani ya visima hivyo na kuharibu waya za plagi. Chomoa waya moja utazame ncha yake. Ikiwa imelowa oili, umeupata ugonjwa, na tiba yake ni gasketi ya mpira. Kadhalika, tangu petroli ilipoadimika nchini, hasa mwaka 2024, wengi wamenunua ya vidumu, ambayo mara nyingi huwa na maji na takataka. Aliyetumia petroli hiyo abadilishe filta ya petroli kabla ya kulaumu pampu.

KABLA YA KUUZA KIWANJA

Hapa ndipo penye neno letu kubwa la leo. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, aliambiwa kwamba injini ya teksi yake imekwisha na kwamba anunue nyingine. Mnunuzi wa kiwanja chake alikuwa ameshapatikana. Shemeji yake alisisitiza injini ipimwe kwanza. Silinda zote nne zikapimwa mgandamizo, mbili za katikati zikaonekana dhaifu, na hedi ilipofunguliwa, gasketi ilikuwa imeungua baina ya silinda hizo mbili. Hedi ilisawazishwa kwa mashine, gasketi ikawekwa mpya, na kiwanja kingali chake.

Kwa hiyo mwenye gari adai kipimo kabla ya hukumu. Kwa injini ya 4A-FE iliyo nzima, mgandamizo hufika kilo 13.5 kwa sentimita ya mraba, na usishuke chini ya 10. Wala silinda moja isitofautiane na nyingine kwa zaidi ya kilo 1. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, shuku gasketi. Silinda dhaifu ikitiwa oili kidogo na kipimo kikapanda, shuku ringi. Kisipopanda, shuku valvu. Kazi hii haimalizi asubuhi moja, na fundi mwaminifu hawezi kuikataa. Hedi ikifunguliwa, mwenye gari adai pia ipimwe usawa wake, maana gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena kabla ya mwezi kwisha.

Tungependa kila jamaa iwe na daftari dogo ndani ya gari, ambamo dereva ataandika kila juma kiasi cha maji na oili alichoongeza. Baba au mama akilisoma daftari hilo, ataona mapema kwamba maji yanapotea. Maji hayapotei bure. Yana mahali yanapokwenda, na ni rahisi kupatafuta pakiwa bado ni tundu dogo. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Juma lijalo, Mungu akijalia, tutazungumza juu ya betri na alteneta. Kwa leo, kabla gari halijawashwa kesho asubuhi na injini ikiwa bado baridi, kizungushe kifuniko cha rejeta, kigeuze, na uuguse mpira wake kwa kidole.