Matairi ya Gari la Zamani

Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, likiwa mikononi mwa mpenzi wa magari hapa Kiganjo, Thika, huendeshwa Jumapili tu. Juma zima limelala chini ya turubai. Ndiyo sababu matairi yake huzeeka kabla ya kuisha meno.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Meno yamejaa, bei ni nafuu, muuzaji wa mitumba analipiga tairi teke kukuonyesha uimara wake. Kumbe mpira umekauka na ubavu una nyufa! Likipasuka barabara kuu ya Nairobi, mwanao ameketi kando yako, utamlaumu nani?

Soma ubavu. Baada ya herufi DOT, tazama tarakimu nne za mwisho: 2317 ni juma la 23 la mwaka 2017. Likitimiza miaka 10, watengenezaji wengi hushauri litupwe, hata kama halijawahi kukanyaga barabara. La akiba pia, lile linalosahaulika butini.

Kuhusu kipimo, 195/70R14 hulikaa vyema: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 14. Vijana hupenda 195/60 kwa madaha. Basi gari litashuka karibu sentimita 2, tumbo likutane na matuta ya mtaani, na mshale wa mwendo uliokuwa ukisema kweli utaonyesha 100 nawe uko 94.

Ukimudu mawili mapya tu, yafungwe nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, usukani hausaidii sana.