KONA YA KITABU: Bweni limejaa, lakini kila mtu yuko peke yake

Mwezi huu tunafungua kitabu cha Mmarekani John Steinbeck kinachoitwa Of Mice and Men. Kilitoka mwaka 1937. Ni kifupi, lakini ukikimaliza utakaa kimya kidogo.

Miaka ile ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Wanaume wengi walizunguka jimbo la California na blanketi mgongoni: leo kibarua shamba hili, mwezi ujao shamba lingine. Steinbeck aliwajua, maana ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya huko. Hadithi iko karibu na mji wa Soledad, jina ambalo kwa Kispanyola maana yake ni upweke.

Basi wanafika vibarua wawili. George ni mdogo wa mwili na mwepesi wa akili. Lennie ni pande la mtu, ila akili yake ni ya mtoto. George anamgombeza kila siku, lakini hamwachi. Bosi anashangaa, anadhani George anamla mwenzake mshahara! Pale mtu kumtunza mtu asiye ndugu yake ni jambo la kutiliwa shaka.

Wana ndoto yao: shamba dogo, na sungura ambao Lennie atawalisha. Mzee Candy, aliyekatika mkono kazini, anasikia. Yeye jioni ile ile mbwa wake mzee kapigwa risasi kwa kuwa ananuka na hafai tena. Anajua zamu yake inakuja. Anatoa dola 350 katika 600 zinazotakiwa, ili naye awe na kwao.

Sasa tufike kwa Crooks, mtunza wanyama. Kwa sababu ni mweusi, haruhusiwi kulala bwenini. Analala peke yake kwenye chumba cha hatamu, na vitabu vyake. Jumamosi usiku wengine wameenda mjini, Lennie anaingia. Crooks kwanza anamfukuza, halafu anamkaribisha. Lakini badala ya kufurahi amepata mgeni, anaanza kumtesa: je, George asiporudi? Lennie anaogopa hadi kukasirika. Hapo Crooks anafunguka kwamba mtu asiye na wa kuongea naye huishia kuugua.

Candy naye anaingia. Wanaongea habari za shamba, mpaka Crooks anaomba naye ajiunge, afanye kazi bila mshahara. Ndipo anatokea mke wa Curley, mtoto wa bosi. Naye ni mpweke, hata jina hakupewa kitabuni. Wanapotaka aondoke, anamtishia Crooks kwamba akitaka atamfanya anyongwe. Crooks ananywea. Baadaye anamwambia Candy asahau lile ombi, alikuwa anatania tu.

Mimi hapo ndipo nilipoumia zaidi. Usiku ule watu wanne waliokataliwa walikuwa chumba kimoja. Wangeweza kuwa wenzi. Lakini kila mmoja alitafuta aliye chini yake amkanyage, hata yule aliyeonewa zaidi. Upweke haukuletwa na uhaba wa watu. Uliletwa na woga.

Mwisho ni mzito. Lennie, asiyejua nguvu zake, anamuua mke wa Curley bila kukusudia. Watu wanamwinda na bunduki. George anamfikia kwanza, anamsimulia tena habari za sungura, kisha anampiga risasi mwenyewe, wasije wakamtesa.

Wazazi, hilo la mwisho lijadilini na vijana wakubwa: George alifanya haki? Watu hawakubaliani mpaka leo. Na swali la wote: kwenye mstari wetu wa nyumba, ni nani Crooks wetu? Yule tunayempita kila siku kwenda bombani, hodi yake haijawahi kupigwa. Mpigieni basi, kabla hatujakutana tena mwezi ujao. Kwaherini.