KONA YA MWALIMU: Wazee waliodai shule

Mwezi huu sina hesabu wala imla, nina historia.

Jumapili moja nilipata karatasi ya kutoka kambini, nikaenda kusali Butihinda, ile komini inayofika mpaka wa Kobero. Baada ya ibada muzee mmoja akaniuliza: "Nyinyi Wabatisti wa Kongo, kanisa lenu lilianzia wapi?" Nilibabaika. Nimezaliwa ndani ya kanisa hilo, lakini historia yake sikuijua. Niliporudi niliuliza wakubwa, nikasoma.

Tuanze na wenyeji wetu. Wamisionari Wajerumani waliondoka Burundi wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walipoingia mwaka 1916. Mwaka 1928 wakaja Wabatisti kutoka Denmark, wakaweka makao Musema, kule Kayanza. Hata leo Musema kuna hospitali na shule. Kazi hiyo ndiyo ilizaa Muungano wa Makanisa ya Kibatisti ya Burundi, UEBB.

Na kwetu Kivu? Karibu miaka ile ile wamisionari Wamarekani wa shirika dogo walianza kuhubiri. Miaka ya 1940 kazi yao ikachukuliwa na Wabatisti wa shirika la CBFMS. Vituo vilikuwa kama Katwa, karibu na Butembo, na Rwanguba, upande wa Rutshuru. Kuhubiri walihubiri, wagonjwa waliwatibu. Lakini kwa shule, hapo ndipo penye neno.

Kuanzia 1948 serikali ya Wabelgiji ilikubali kusaidia shule za Waprotestanti kwa pesa, kama ilivyokwisha kusaidia za Wakatoliki. Wamisionari wetu walikataa pesa hizo. Waliamini kanisa na serikali visichanganyike, na kwamba kazi yao kubwa ni Injili. Hiyo ilikuwa imani yao, hatuwacheki. Ila mzigo uliangukia watoto. Jirani Mkatoliki alipanda madarasa, na mtoto wa Mbatisti alibaki nyuma.

Wazee wetu wakasema hapana, sisi tunataka Injili na shule pia. Karibu na uhuru wa 1960 ugomvi ukawaka, kanisa likapasuka. Iliuma sana, ndugu na ndugu wakaacha kusali pamoja. Upande mmoja ndio uliozaa CBCA ya leo, yenye shule na hospitali nyingi. Mwaka 1985 Waprotestanti walifungua chuo kikuu Goma, ULPGL, na CBCA imo. Hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, ndiko tangu 2012 Msalaba Mwekundu unapasua majeruhi wa vita. Januari 2025 vita ilipoingia mjini, majeruhi walijaa pale. Wauguzi waliowapokea walipita shuleni kwanza.

Sasa nije kwetu kambini. Mwezi uliopita papa mmoja aliniambia: "Mwalimu, huyu kijana atasoma ju ya nini? Diploma ya kambini itamupatia nini? Afadhali atafute kibarua."

Sikumjibu. Mimi mwenyewe nimemaliza sekondari, na nafundisha kwa motisha kidogo tu. Ningemwambia nini? Kijana wake hajarudi darasani mpaka leo.

Ila baada ya kusoma habari za wazee wetu, nina jambo la kumwambia. Wao pia hawakuwa na kazi iliyowangoja watoto wao. Hawakujua Kongo ya kesho itakuwaje. Walidai shule hivyo hivyo, tena kwa gharama ya kugombana na waliowaletea Biblia. Faida waliiona wajukuu. Nasi tuliokimbia tukiacha nyumba, mashamba na ng'ombe, tunajua ni kitu gani mtu anaweza kuvuka nacho mpaka bila kunyang'anywa.

Papa, sikulaumu. Njaa naijua, hata kwangu ipo. Lakini kama kibarua ni cha siku mbili kwa juma, mtume hizo siku tatu zingine. Nitamfundisha aliyokosa jioni, bila malipo. Nafasi yake kwenye benchi la tatu sijampa mtu.

Na wewe mzazi mwingine, usiku huu waulize wazee wa nyumbani: nani wa kwanza katika ukoo wetu kujua kusoma, na nani alimpeleka? Waandikie watoto jibu kabla halijapotea.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu